Injini Juu ya Kanga

Kijana aliyesoma wasifu wa Dafroza alikuwa na sauti nzuri, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alisoma mahali marehemu alipozaliwa, kule Mpimbwe, akasoma kipaimara, ndoa, watoto, maradhi ya miguu. Alipofika kwenye kazi akasema, "Marehemu hakuwa na kazi maalumu. Alikuwa akishonashona nguo nyumbani," kisha akageuza karatasi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama wenzangu, miguu imekufa ganzi, na damu ilinipanda kichwani vilevile ilivyokuwa ikinipanda nikiwa na miaka ishirini na sita. Akishonashona! Mwanamke aliyevalisha nusu ya wanafunzi wa Mpanda anasomwa hivyo mbele ya jeneza lake. Na hapo hawajagusa jambo ambalo mimi nalijua na wao hawalijui. Baadaye wakaitwa wasemaji, akainuliwa Bwana Lubasha, aliyekuwa mkuu wetu kwenye mradi wa nyuki, sasa mzee wa mkongojo anayesikia kwa sikio moja. Alitoa pole, akanitafuta kwa macho, akawaambia watu kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza wilaya nzima kumwamini mwanamke na pikipiki, na kwamba marehemu alikuwa rafiki mzuri wa mwanamke huyo. Watu wakaguna kwa kuridhika. Sikusema neno, kwa sababu ya heshima ya msiba, na heshima hiyo imenikaa kooni tangu siku ile. Ndiyo maana naandika.

Mwaka ulikuwa tisini na tatu. Katavi haikuwa mkoa bado, tulikuwa wilaya tu ya mkoa wa Rukwa, na jambo lolote kubwa lilisubiri watu waje kutoka Sumbawanga. Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu karibu na stesheni, kuta zake hazikufika kwenye bati, kwa hiyo ukikohoa chumba cha kwanza unapewa pole chumba cha tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka vijijini. Jina langu ni Sabina, lakini watu waliniita Bibi Nyuki. Wiki moja niko Ugalla na warina asali, wiki nyingine napanda Mwese, na bila pikipiki kazi hiyo haipo, kwa sababu hakuna gari lililokuwa likienda huko ila kwa bahati. Pikipiki yangu ilikuwa ya Kijapani, nyekundu, imeshapigwa na miti na mito. Mwezi wa pili ikaanza kutoa moshi wa bluu na kukosa nguvu mlimani. Fundi wa gereji tuliyokuwa tukiitumia aliifungua injini kwa muda usiozidi wa kunywa chai, akasema imekufa, akatupa vipande vyote ndani ya boksi la maziwa ya unga, bolti na pistoni na vumbi pamoja. Bwana Lubasha akaiingiza kwenye orodha ya vitu vibovu vitakavyouzwa kwa mnada, kamati ya ukaguzi ikishapita mwezi wa saba.

Ningekubali, maana nilikuwa mtu wa kukubali. Lakini siku moja nikiwa namimina chai chumba cha kwanza nilisikia mazungumzo yakivuka juu ya ukuta. Bwana Lubasha alikuwa akimwambia mtu kwamba ile pikipiki iachwe hivyohivyo, asiiguse mtu, kwa kuwa shemeji yake wa Kakese ameshaiona na anaitaka. Yule mtu akauliza, na Bibi Nyuki je? Akajibiwa kwamba binti atakaa ofisini apige chapa, tena chai yake ni nzuri. Chai yangu! Miaka miwili chuoni Tabora nikijifunza nyuki, nikaumwa hadi macho yakafumba, ili nisifiwe chai. Niliingia chumbani kwake kikombe kikiwa mkononi nikaomba nikabidhiwe pikipiki pamoja na boksi, nikaitengeneze mwenyewe nyumbani. Alicheka hadi akashika meza. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kufurahisha watu, akaandika hati ya makabidhiano kwa mkono wake: pikipiki moja, injini imefunguliwa, vipande vipo kwenye boksi. Akaweka na sharti. Niende nayo Mwese na kurudi kabla ya kamati kufika, nilete karatasi yenye muhuri wa mtendaji wa kule. Nikiweza, anaifuta kwenye orodha. Nikishindwa, nikae mezani nipige chapa na asisikie nikinung'unika. Nikatia saini.

Mtunza stoo alikuwa mtu mkimya. Nilipomwonyesha ile hati hakuuliza kitu, alivuta kiti, akapanda, akashusha kifurushi kutoka rafu ya juu na kukipuliza vumbi. Ndani mlikuwa na pistoni mpya na ringi zake, bado zimefungwa kwenye karatasi ya nta ya kiwandani. Zilikuwa humo tangu wafadhili walipoleta pikipiki. Hakuna aliyeziomba. Nasema hivi ili msomaji ajue hasira yangu ilikoanzia: dawa ilikuwa kabatini, na mgonjwa alitangazwa amekufa kwa kuwa kuna aliyekuwa anausubiri urithi. Kilichokosekana ni gasketi tu, zile karatasi ngumu zinazokaa kati ya chuma na chuma ili oili isivuje.

Tulipanga nyumba moja, mimi na Dafroza, mtaa wa Majengo. Chumba changu kilijaa mizinga ya mfano, cha kwake kilikuwa kikubwa, cherehani dirishani, vitambaa vya sare kwenye kamba, na msumari ukutani uliotungwa karatasi za kukatia nguo, kila mteja na yake. Alikuwa amenipita miaka saba na aliniita mdogo wangu. Hakuwahi kugusa injini. Lakini kila Jumamosi alilifungua cherehani lake lote, akalisafisha, akalirudisha, na alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwenye gereji yoyote hadi leo. Alitandika kanga sakafuni. Kila kilichotoka kilipangwa juu yake kwa mstari, cha kwanza kushoto kabisa, kinachofuata kulia kwake, na wakati wa kurudisha unaanzia kulia unarudi kushoto. Hakuna kulundika, hakuna kuchanganya. Nilipomletea lile boksi aliangalia ndani kwa muda mrefu, akasema, "Aliyefanya hivi hajui kazi. Hata mkaanga samaki hapangi hivi." Akatandika kanga yake ya harusi, ile nyekundu, nikamzuia, akanikatalia.

Wiki tatu tuliishi na injini. Sakafu yote ilikuwa yake, kwa hiyo tulikula tumekaa kitandani, sahani magotini: wali wa kwao Mpimbwe na dagaa, siku nyingine ugali na mlenda. Masizi magumu ya pistoni tuliyakwangua kwa mwiko uliovunjika, kwa sababu Dafroza alisema chuma kisikwanguliwe kwa chuma. Vipande tuliviosha kwa petroli kwenye sufuria yake ya maharage, na hadi nahama ile nyumba maharage yake yalikuwa na harufu ya stesheni ya mafuta. Alipoishika pistoni mara ya kwanza aliuliza kama ndiyo inayopanda na kushuka. Nikamwambia ndiyo. "Basi ni sindano nene," akasema, na kuanzia hapo hakuiogopa tena. Wanaume wa mtaa walikuja kusimama dirishani kila jioni. Mmoja alituambia tunapika injini bila chumvi. Mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, alituonya kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake akigusa injini, injini hugoma. Dafroza alimuuliza suruali aliyovaa imeshonwa na nani. Alikuwa ameishona yeye. Yule mzee hakurudi tena dirishani.

Gasketi aliikata kwa boksi la sabuni za kufulia. Alipaka masizi kwenye mdomo wa silinda, akagandamiza karatasi ya kaki, ikatoka picha kamili na matundu yake yote, makubwa ya bolti na moja dogo kabisa pembeni, ambalo oili hupandia kwenda juu kulainisha vyuma vya kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Hiyo karatasi ndiyo aliyoikatia boksi, kwa wembe, na matundu akayatoboa kwa chuma chake cha kutobolea mikanda. Ilikaa sawasawa. Kisha mimi, mtaalamu, nikaleta nta. Kwetu nta ilikuwa ndiyo dawa ya kila ufa. Ndoo ikivuja unaziba kwa nta, mzinga ukipasuka nta, ngozi ya ngoma nta, na Dafroza mwenyewe alipitisha uzi mnene kwenye bonge la nta kabla ya kushona mifuko. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mara mbili. Niliiyeyusha kwenye kopo, tukaipaka gasketi pande zote kwa ukarimu, tukafunga, tukakaza bolti kwa zamu. Siku iliyofuata pikipiki iliwaka kwa pigo la nne. Moshi ulijaa uani, wenye nyumba wakatoka na watoto, na mimi nililia mbele ya watu bila aibu. Niliizungusha taratibu mjini siku sita, na ilikwenda vizuri.

Tulipanda Mwese siku mbili kabla ya kamati kufika. Dafroza alikaa nyuma, spana zimefungwa kwenye kitambaa mapajani, kwa kuwa alisema hawezi kuiacha kazi yake iende peke yake. Barabara ilikuwa mawe na mifereji, mahali pengine alishuka akasukuma, lakini injini haikulalamika hata mara moja. Mtendaji alipiga muhuri bila kuketi, akacheka, akauliza nani ametutengenezea. Tukalala kwa Mama Tekla, mjane aliyekuwa na mizinga mingi kuliko mwanamume yeyote pale, akatupa ugali na maharage ya mlimani na blanketi mbili, na bado tulitetemeka. Mwese mwezi wa saba ni baridi ya kuuma meno. Asubuhi niliiwasha, ikawaka, halafu kwa juu, kwenye hedi, nikasikia kitu kinagonga, kikavu, haraka haraka. Nikasema ni baridi, ikipata moto itanyamaza. Dafroza aliweka kiganja karibu na hedi, akainamisha kichwa.

"Zima," akasema.

"Tukizima tutachelewa. Kamati ni kesho, Dada."

"Zima, mdogo wangu. Huko juu kumekauka. Cherehani likikosa mafuta husema hivyohivyo."

Nilimkasirikia. Nilimwona ni mtu wa sindano anayenifundisha pikipiki, na hilo nalikumbuka kwa aibu, kwa sababu kwa dakika ile nilikuwa Bwana Lubasha kabisa. Karatasi yenye muhuri nilikuwa nayo kifuani. Kilichobaki ni kuteremka tu. Lakini alikuwa ameshatandika kitambaa chake kwenye sakafu ya jiko la Mama Tekla, ameketi, ananyoosha mkono apewe spana. Nikazima. Tulifungua kuanzia kushoto kwenda kulia, hedi, silinda, na tulipoinua ile gasketi tukaliona. Lile tundu dogo la oili lilikuwa limezibwa na nta, ya njano, ngumu kabisa. Mpanda kwenye joto nta ilibaki laini na oili ikapenya. Usiku mmoja wa Mwese uliigandisha. Kama ningeondoka nayo vile, injini ingekufa kabla ya mto wa kwanza, na mara hii ingekufa kweli. "Nta yako," akasema Dafroza. Nikamwambia ni nta yetu. Mama Tekla, aliyekuwa akichochea moto, akasema yeye haelewi injini lakini nta yetu ilikuwa nzuri, hata haina takataka, na hapo tukacheka hadi tukashindwa kushika spana.

Tulizibua tundu kwa kijiti na petroli. Boksi jipya tulilipata chini ya kuku wa Mama Tekla aliyekuwa akiatamia, akahamishiwa kwenye kikapu akipiga kelele. Na karatasi ya kukatia? Nilidhani tumeiacha nyumbani. Dafroza aliitoa ndani ya blauzi yake, imekunjwa mara nne. Fundi nguo, alisema, hatupi karatasi ya mteja ambaye bado hajaondoka mjini. Akakata gasketi nyingine, tukaipaka oili tu, kidogo. Kabla ya kuikunja ile karatasi aliomba penseli kwa Mama Tekla, akaandika kitu juu yake, akairudisha kifuani. Sikuuliza. Saa tisa alasiri tulianza kuteremka, na kesho yake asubuhi niliingia uwanja wa ofisi nikiwa juu ya pikipiki mbele ya kamati nzima, muhuri mkononi. Bwana Lubasha aliifuta kwenye orodha kwa kalamu yake. Alinipa mkono. Shemeji wa Kakese alikuwepo pale na nguo zake nzuri, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo hadithi ingeishia kama dunia ingekuwa na adabu. Siku tatu baadaye nilipewa barua. Kwa kuwa pikipiki sasa ni nzima, ilisema, atakabidhiwa afisa mpya wa kiume anayeweza kumudu safari ndefu, na mimi nitasaidia mapokezi. Nilisoma mara mbili nikitafuta mahali niliposoma vibaya. Ilipokuwa mbovu ilikuwa yangu. Tumeikeshea, tumeipa kanga ya harusi, imepona, si yangu tena. Nilifika nyumbani nikampa Dafroza barua. Alisoma polepole, huku akisukuma cherehani kwa mguu, akasimamisha mguu, akauliza ile hati ya makabidhiano inasemaje. Nikaichukua. Pikipiki moja, injini imefunguliwa, vipande vipo kwenye boksi. Tulitazamana. Akatandika kanga.

Asubuhi niliipeleka ofisini kwa mkokoteni. Hatukukwaruza bolti hata moja. Kila kipande kilikuwa kisafi, kimepakwa oili, kimelala kwenye boksi lilelile la maziwa ya unga. Bwana Lubasha aliangalia ndani, akaniuliza huu ni ujinga gani. Nilimwekea hati mezani. "Nilipokea hivi," nikamwambia, "nimerudisha hivi. Mwandiko ni wako, Mzee." Wapo walioniambia kwamba niliihujumu mali ya mradi. Mimi sikuhujumu kitu, nilimrudishia mtu neno lake.

Gereji haikuweza kuifunga. Walijaribu mara mbili, mara ya pili zikabaki bolti tatu mkononi. Mvua zikaja, warina asali wa Ugalla wakawa wanatuma salamu kuuliza Bibi Nyuki amekufa au ameolewa, na wafadhili wakaandika kwamba wanakuja kutembelea vijiji. Ndipo nikaitwa. Nilisema nitaifunga, lakini kwanza ichapwe barua: pikipiki ni yangu kwa kazi za nje, na aliyeitengeneza ni Dafroza, jina lake liandikwe. La kwanza Bwana Lubasha alilikubali haraka. La pili alitikisa kichwa. Alisema faili la mradi haliwezi kuandikwa jina la mshona nguo, kamati itatucheka, kwenye nafasi ya fundi itaandikwa gereji kama kawaida.

Na mimi nilikubali. Hiki ndicho nilichokuja kukisema, na nimezunguka kurasa zote hizi kabla ya kukifikia. Nilikuwa na hasira za kutosha kubeba injini kwa mkokoteni, lakini nilipopata changu zikapoa. Nilijiambia kwamba kukosa jina tu kwenye faili hakumpunguzii mtu kitu. Nilipomweleza Dafroza alisema haidhuru, akaniuliza kama nimekula. Tuliifunga upya siku mbili, kutoka kulia kwenda kushoto, na niliiendesha miaka sita. Kila ilipofunguliwa ilifunguliwa chumbani kwake, na kila mara faili liliandika gereji. Kwa hiyo yule kijana aliyesoma kwamba marehemu hakuwa na kazi maalumu hakusema uongo wa kwake. Alisoma tulichokiandika sisi, mimi na Bwana Lubasha. Nikimtazama yule mzee na mkongojo wake namkasirikia kwa haki, na hasira inayobaki najua ni ya nani.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Leokadia, binti yake, aliniita chumbani. Alikuwa akigawa vitu vya mama yake. Alizaliwa miaka miwili baada ya mambo haya na hakuna aliyewahi kumsimulia. Alikuwa ametungua zile karatasi za kwenye msumari, magauni, sare, kanzu za watumikiaji wa misa, na alijua kila moja ni ya nani, isipokuwa moja. Ilikuwa ya kaki, imelegea kwenye mikunjo, na matundu makubwa na moja dogo.

"Mama mdogo," akaniuliza, "hii ni ya nguo gani? Nimeizungusha kila upande, haina shingo wala mkono."

Niliipeleka dirishani. Maandishi ya penseli yalikuwa yamefifia lakini yalisomeka: Ya Sabina. Tundu dogo libaki wazi. Nta hapana. Chini yake, kwa kalamu tofauti tofauti, aliweka alama ya vema kwa kila mara tuliyoitumia kukatia gasketi, na nilizihesabu zote. Kisha nikamuuliza Leokadia kama ile karatasi ya wasifu bado ipo. Ilikuwepo, imekunjwa ndani ya Biblia, itasomwa tena kwenye misa ya arobaini. Nikamwomba ailete, pamoja na kalamu.